Shore ametaga kwenye mkomamanga, baba anataka kuukata Jumamosi. Mnaishije na ndege kwenye miti ya matunda ya uani?

MamaWaPongwe
3 Novemba, saa 1:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Maelezo yangu ni marefu kidogo, mnivumilie.

Nipo Tanga, Pongwe, nyumbani kwa wazazi. Uani kwetu kuna mwembe dodo mkubwa uliopandwa na marehemu babu, mstafeli, mipapai mitatu, mpera, na mkomamanga uliojiotea pembeni ya karo la kuoshea vyombo. Ng'ambo ya ukuta kuna mnazi wa jirani ambao minana wameutundika viota hadi makuti yameelemewa. Kelele zao zinaanza kabla adhana ya alfajiri haijaisha.

Wiki iliyopita nikiwa naosha vyombo nikaona shore anaingia na kutoka kwenye mkomamanga. Kwa wasiomjua kwa jina, ni yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi na kishungi kifupi, chini ya mkia ana manjano kama kiini cha yai. Nilisubiri atoke, nikasogeza tawi kwa kidole. Kiota ni kama kikombe cha kahawa kilichopanuka mdomo, kimesukwa kwa vijiti na nyuzi za mizizi, ndani mayai mawili ya waridi iliyofifia yenye madoa mekundu ya kahawia. Kwenye mstafeli nako, tawi linaloelekea dirisha la jikoni, chozi ametundika kifuko chake cha majani makavu na utando wa buibui, mlango uko ubavuni.

Sasa shida. Baba amechoka. Msimu uliopita mwembe ulibeba hadi matawi yakainama, lakini tulichokula na kuuza hakikufika ndoo nne. Maembe yalianguka yameoza ndani. Mapapai yalitobolewa yakiwa mtini. Yeye akitazama juu anaona ndege, basi kwake mwizi ameshajulikana. Amempa fundi elfu ishirini ya kutanguliza, aje Jumamosi: mkomamanga ukatwe kabisa, mwembe upunguzwe, viota vyote vishushwe kwa mti mrefu.

Baba si mtu wa roho mbaya. Kiangazi chote anabeba maji kwa kopo kumwagilia miche, na maembe yale ndiyo yanayompa cha kuuza pale getini bila kuomba mtu. Sitaki kumpinga mbele ya wajukuu wake. Nataka nikae naye nikiwa na la kumwambia. Wenye uzoefu, nisaidieni kabla ya Jumamosi.

---

Mkata_Mbuga
3 Novemba, saa 2:15 usiku

Mzee yuko sahihi. Mti ni wake na tunda ni lake. Sisi huku Mbarali ndege wametulaza njaa, tunaamka saa kumi usiku kwenda kuamia mpunga. Ukimwonea ndege huruma, yeye hakuonei.

---

Dullah_Makorora
3 Novemba, saa 2:31 usiku

Hao minana kuna watu wananunua wakiwa hai. Nina vijana wa kunasa kwa ulimbo, waje wawatoe wote na mnapata hela ya sukari.

---

Mama_Nasra
3 Novemba, saa 2:50 usiku

Nafuatilia. Kwangu wamejenga kwenye mlimau na mume wangu ameanza maneno hayohayo.

---

BwanaShambaMstaafu
3 Novemba, saa 4:05 usiku

Binti yangu, nimefanya kazi ya ugani miaka 31, mingi yake huko Muheza na Korogwe. Niruhusu nianze na swali: hayo maembe yanayoanguka yameoza, mmewahi kuyapasua?

Nauliza kwa sababu nimeona watu wengi wakikata miti na kuua ndege kwa kosa la inzi. Kabla ya 2003 inzi wa matunda tuliokuwa nao walikuwa wa hapahapa na hasara yao ilivumilika. Mwaka huo akaonekana pwani ya Kenya inzi mgeni kutoka Asia, na haikuchukua muda akawa kwetu pia. Huyu ndiye aliyebadilisha hesabu ya mwembe. Jike anatoboa ngozi ya embe likiwa bado gumu, kitundu ni kidogo kama cha ncha ya sindano, anaacha mayai ndani. Funza wanakula nyama, embe linaoza kuanzia ndani, linaanguka. Funza wanatoka, wanaingia kwenye udongo chini ya mti, na baada ya siku chache wanaibuka inzi wapya. Wewe unaona embe bovu chini na ndege juu, unaunganisha.

Jeraha la ndege huwezi kulikosea. Liko wazi, limechimbwa kutoka nje, kingo zake zina alama za mdomo, na mara nyingi liko upande wa embe ulioanza kuiva, maana shore na kwenzi wanapenda tunda laini. Embe gumu la kijani hawalihangaikii. Kesho asubuhi okota yaliyoanguka, yapasue mbele ya baba yako. Usimwambie neno, yeye atazame mwenyewe.

La pili, kuhusu fundi. Mwembe haupogolewi Novemba matunda yakiwa mtini. Unapogolewa baada ya kuvuna, ili machipukizi yapate muda wa kukomaa kabla ya maua ya msimu unaofuata. Akipitisha mashine Jumamosi atashusha maembe ya Desemba. Hili baba yako atalielewa haraka kuliko habari za ndege.

La tatu, shore. Anaatamia takriban siku 12 hadi 14, na makinda yanakaa kiotani karibu wiki mbili tena, mara nyingi hata hazifiki. Jumla haizidi mwezi. Usimwombe baba awapende ndege. Mwombe wiki nne.

Na usikizoee kile kiota. Kila unaposogeza tawi, kunguru aliyekaa juu ya paa anakuona unachokitazama.

Dullah, ulimbo huo acha. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya 2009, inataka kibali kukamata mnyamapori, na ndege wamo. Vijana wako watakamatwa wao, mnunuzi hutamwona.

---

Mkata_Mbuga
4 Novemba, saa 12:20 asubuhi

Mzee shikamoo. Kwa hiyo kwelea kwelea nao tuwaache?

---

BwanaShambaMstaafu
4 Novemba, saa 12:48 asubuhi

Marahaba. Kwelea kwelea ni jambo jingine kabisa, kijana wangu. Yule anakuja kwa makundi yasiyohesabika na anakula nafaka, ndiyo maana serikali hupeleka ndege za kunyunyizia dawa. Uchungu wako naujua, nimesimama kwenye majaruba yaliyobaki mabua. Lakini shore wawili kwenye mkomamanga hawafanani na hilo. Na makinda yao hayalishwi maembe matupu, yanalishwa viwavi, panzi na vidudu vingine vilaini. Hata chozi, anayejulikana kwa kunyonya maua, makinda yake anayalea kwa buibui na vidudu.

---

MamaWaPongwe
4 Novemba, saa 3:30 asubuhi

Mzee shikamoo. Nimefanya ulivyosema.

Tumeokota na watoto maembe 31 chini ya mwembe. Nimekaa kwenye mkeka na kisu, baba yuko kwenye kiti chake anasikiliza redio. La kwanza: funza. La pili: funza. La tatu baba akapunguza sauti ya redio. Yote yalipokwisha, 22 yalikuwa na funza na ngozi haina alama yoyote ya mdomo. 5 yalikuwa yamedonolewa. 4 yaliliwa nusu, kama yametafunwa na kutemwa, sijui na nani.

Baba alichukua moja yeye mwenyewe, akaligeuza geuza kutafuta tundu, akavaa miwani akatafuta tena. Akalipata kidoti kimoja kimevuja utomvu. Hakusema kitu. Baadaye nikasikia anampigia fundi, anamwambia Jumamosi asije, amwachie mpaka amwite.

Nimelia jikoni, nawaambia ukweli.

---

Mpemba_wa_Wete
4 Novemba, saa 4:10 asubuhi

Assalaam alaykum. Hayo manne ni popo. Anatafuna, anafyonza maji, anatema makapi yamebanwa kama kidonge. Tafuteni chini ya mti mtayaona. Kwetu Pemba tuna popo mkubwa asiyepatikana pengine popote duniani, na miaka ya nyuma watu waliwinda hadi wakabaki wachache. Sasa pale Kidike wanakijiji wanawalinda na wageni wanalipa kuja kuwaona. Popo anabeba mbegu mbali sana, miti mingi ya msituni imepandwa na yeye. Msiwapige manati.

---

Dullah_Makorora
4 Novemba, saa 4:22 asubuhi

Mzee nimekuelewa. Nilikuwa sijui hiyo sheria. Vijana nimewaambia.

---

Kilifi_Shambani
4 Novemba, saa 7:15 mchana

Dada, hongera. Mimi niko Kilifi, nina miembe kumi na moja na ndege wa kila aina. Nakwambia ninayofanya, uchague.

Yaliyoanguka usiyaache chini hata usiku mmoja. Chimba shimo la zaidi ya futi mbili, mimina, fukia. Ukiyafukia juujuu, inzi wanatoka tu. Wengine wanayafunga kwenye mfuko wa plastiki na kuuanika juani, lakini kwetu mifuko ilipigwa marufuku 2017 na kwenu 2019, kwa hiyo shimo.

Pili, usingoje embe liive mtini. Chuma likishapea, mabega yamejaa na kijani kimeanza kupoa, kwa kingoe chenye kifuko ili lisidondoke. Kisha livundike ndani. Ndege na inzi wote wanapenda tunda la kuiva, wewe uwe umewatangulia. Yale ya kileleni yasiyofikika waachie, hata mzee wangu alikuwa akisema ya juu ni ya ndege na wapita njia.

Tatu, matunda mazuri ya chini yavishe. Mimi natumia vifuko vya karatasi ya kaki na vipande vya chandarua kilichochakaa. Ila usitandaze wavu wa nailoni juu ya mti mzima. Nilifanya hivyo mwaka mmoja, asubuhi nikakuta shore wawili na kuzumburu wamenasa, mmoja amejikata bawa. Sikurudia.

---

Mama_Nasra
4 Novemba, saa 8:02 mchana

Kuzumburu ndiye yupi? Wale wenye mikia mirefu wanaotembea kundi kama panya kwenye matawi?

---

Kilifi_Shambani
4 Novemba, saa 8:09 mchana

Haswa. Wengine huwaita pasa. Hao kwa mapapai na machipukizi ni wabaya kweli, sitawatetea. Papai livishe gunia mapema.

---

BwanaShambaMstaafu
4 Novemba, saa 11:40 jioni

Niongeze moja. Binti, kwenye mwembe wenu kuna maji moto? Wale siafu wekundu wanaoshona majani? Kama wapo msiwachome. Wanasumbua wakati wa kuchuma, lakini wanawafukuza inzi wasitage. Mtwara wakulima wa korosho wanawathamini kwa kazi hiyohiyo dhidi ya mbu wa mikorosho.

---

MamaWaPongwe
4 Novemba, saa 1:20 usiku

Wapo tele, mzee. Baba alikuwa anawachoma kwa mwenge kila mwaka. Nitamfikishia.

---

MamaWaPongwe
11 Novemba, saa 2:00 usiku

Wakuu nimerudi na habari mbili.

Mbaya kwanza. Chozi wa mstafeli amekwisha. Jana asubuhi kunguru wawili walitua kwenye lile tawi, mmoja akakivuta kile kifuko kwa mdomo kama anavuta uzi. Nilitoka mbio na ufagio lakini nilichelewa. Yule mama chozi alibaki anaruka karibu na dirisha siku nzima, anakwenda pale palipokuwa na kiota, anarudi. Mwanangu wa miaka sita ameniuliza kwa nini Mungu ameumba kunguru. Nilikosa jibu.

Kosa naliona ni letu. Tulikuwa tunamwaga mabaki ya dagaa na ukoko pembeni ya karo, na ndoo ya taka haina mfuniko. Tuliwaita wenyewe.

Habari njema: mayai ya shore yameanguliwa yote mawili leo au jana. Mama anarudi na kiwavi mdomoni, vinatokea vichwa viwili visivyo na manyoya vinatetemeka.

---

Mpemba_wa_Wete
11 Novemba, saa 2:25 usiku

Pole sana dada. Kunguru hawa weusi wa shingo ya kijivu si wa kwetu asili. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 kutoka Bara Hindi ili wale taka za mji, wakazaana hadi bara yote ya pwani. Ndege wadogo wa mjini wamewamaliza kwa kula mayai na makinda. Mwambie mtoto kwamba kwa huyu ni watu waliomleta mahali pasipo pake.

---

BwanaShambaMstaafu
11 Novemba, saa 3:10 usiku

Pole binti. Funikeni ndoo, mabaki yafukieni kwenye lile shimo la maembe. Kunguru anafuata jalala, kiota anakikuta njiani.

Shore wako ana nafasi kubwa kidogo. Mkomamanga una miiba na matawi yamesongamana, kunguru mwili wake mkubwa haupiti. Ndiyo maana utakuta viota vingi kwenye mdimu, mlimau, mchungwa wa mbegu. Mti ambao baba yako alitaka kuukata ndio ngome ya uani kwenu.

Na chozi atajenga tena. Hawa hawakai na msiba muda mrefu, hasa mvua za vuli zikiendelea.

---

Mkata_Mbuga
12 Novemba, saa 12:05 asubuhi

Nimesoma yote. Dada pole. Nilisema kwa ukali siku ile kwa sababu ya mpunga wangu.

---

MamaWaPongwe
20 Novemba, saa 12:50 asubuhi

HARAKA tafadhali! Kinda moja liko chini, karibu na karo. Lina manyoya lakini mkia ni mfupi sana, linaruka hatua mbili linaanguka. Paka wa jirani yuko ukutani. Mama anasema tusiliguse, likishikwa na mtu mzazi wake atanusa na kulikataa. Nilipe maji? Uji?

---

BwanaShambaMstaafu
20 Novemba, saa 12:57 asubuhi

Usilipe chochote. Maji yakiingia kwenye njia ya hewa litakufa mikononi mwako. Maziwa na uji pia hapana.

Hilo la kunusa si kweli, ndege wa aina hii hategemei pua kumtambua mwanawe. Likamate taratibu kwa viganja viwili, liweke kwenye tawi la ndani la mkomamanga, si lazima kiotani. Mfukuzeni paka, kisha ninyi nyote ingieni ndani. Wazazi wako karibu wanaogopa watu tu. Kinda lenye manyoya lililotoka kiotani limefika wakati wake, linalishwa nje siku kadhaa kabla ya kuruka vizuri.

---

MamaWaPongwe
20 Novemba, saa 2:15 asubuhi

Alhamdulillah. Baba ndiye aliyelishika. Nilikuwa natetemeka, akasema nipishe, akalichukua kwa leso yake na kuliweka ndani kabisa kwenye miiba, akachubuka mkono. Tumekaa nyuma ya pazia la jikoni watu watano bila kusema. Dakika kama kumi na tano hivi mama shore akaja na panzi.

Paka baba ameketi anamlinda hadi sasa, kiti kiko katikati ya ua.

---

Mama_Nasra
20 Novemba, saa 2:21 asubuhi

Nimesoma hii kwa sauti mume wangu asikie. Ameenda kuutazama mlimau.

---

MamaWaPongwe
29 Novemba, saa 1:05 usiku

Wakuu, kiota kiko tupu. Makinda yote mawili yanaonekana kwenye mpera, bado yanafungua mdomo wazazi wakipita, ingawa sasa ni makubwa karibu sawa nao.

Kuhusu maembe: tunaokota asubuhi na jioni, shimo limeshajaa moja tumechimba la pili. Hasara haijaisha, siwadanganyi, juzi tu nimepasua embe zuri kabisa la kuvundika nikakuta funza. Lakini tumeshavuna ndoo sita na mwembe bado umebeba. Maji moto hawajachomwa mwaka huu. Papai mbili zimeliwa na kuzumburu hadi ganda, na hizo baba amezipigia kelele sana. Minana wa mnazi bado anawalalamikia kwa ajili ya usingizi wake, na mwenye mnazi kasema makuti yake yananyonyoka. Hilo sina dawa yake.

Fundi atakuja Februari, kwa ajili ya mwembe tu.

---

Kilifi_Shambani
29 Novemba, saa 1:30 usiku

Vizuri sana dada. Vifuko umevisha matunda mangapi?

---

MamaWaPongwe
29 Novemba, saa 1:44 usiku

Maembe 60 hivi, na makomamanga yote. Baba ameshona kwa mkono kutoka chandarua cha zamani, tulikifua kwanza kwa sababu kilikuwa na dawa. Upana wa kiganja na nusu, mdomoni kapitisha uzi wa kukazia. Kwa makomamanga vinakaa vizuri. Kwa dodo la kukomaa vinabana, tumelazimika kuvitoa vingine na kushona upya.

---

Kilifi_Shambani
29 Novemba, saa 1:52 usiku

Dodo fanya viganja viwili na nusu, na acha nafasi chini embe lisiguse kitambaa. Likigusa, inzi anatagia palepale kupitia matundu ya chandarua.

---

MamaWaPongwe
29 Novemba, saa 1:55 usiku

Kumbe! Ndiyo maana lile la juzi. Namwambia baba sasa hivi kabla hajakata kipande kingine.